Punguzo la Msimu wa Kati: Mambo ya Kupima Kabla ya Kulipia Likizo ya Fiji



Mada yetu leo ni likizo katika visiwa vya mbali, na tumeichagua Fiji, iliyoko Pasifiki ya Kusini, iwe mfano wetu. Tumeichagua kwa sababu safari ya kwenda huko kutoka Afrika Mashariki ni ndefu na ghali. Hakuna ndege ya moja kwa moja, na wengi wanaoifikiria huwa ni wanandoa wa fungate au familia iliyoweka akiba kwa miaka kadhaa. Kosa dogo katika mipango ya safari ya namna hiyo laweza kumeza akiba yote.

Mtu mwenye akiba ya kiasi hushauriwa kusafiri katika msimu wa kati, yaani majuma yanayokaa baina ya msimu wa wageni wengi na msimu wa wageni wachache. Ushauri huo ni mwema. Nauli na vyumba hushuka bei, fukwe huwa na nafasi, na wenyeji huwa na muda wa kumhudumia mgeni. Hata hivyo, tunawaomba mlipime punguzo hilo kwa macho ya mnunuzi. Hoteli haipunguzi bei kwa ukarimu. Hupunguza kwa kuwa mgeni wa msimu huo anabeba sehemu ya hatari ya hali ya hewa. Kwa hiyo pamoja na kuuliza bei imeshuka kiasi gani, ulizeni pia: mvua au kimbunga kikiharibu safari, hasara itakuwa ya nani?

Kuijua kalenda ya huko

Fiji ina visiwa zaidi ya 300, na takriban theluthi moja tu ya visiwa hivyo inakaliwa na watu. Iko kusini mwa ikweta kama Tanzania, ila mbali zaidi, karibu na nyuzi 18. Miezi ya Mei hadi Oktoba ni ya ukavu na ubaridi kidogo. Novemba hadi Aprili ni miezi ya joto na mvua, na ndicho kipindi kinachohesabiwa kuwa cha vimbunga.

Aliyeizoea kalenda ya Zanzibar asiihamishie Fiji. Kwetu mwezi Mei bado una masika, na hoteli kadhaa za pwani hufunga milango. Fiji, mwezi huohuo ndio mwanzo wa kiangazi: mvua zinapungua, bahari ingali na joto, na umati wa Julai haujafika.

Msimu wa kati wa Fiji una pande mbili, Aprili na Mei kwa upande mmoja, Oktoba na Novemba kwa upande wa pili. Miezi hiyo minne hailingani kwa hatari. Mei na Oktoba imo ndani ya kiangazi. Aprili na Novemba imo ndani ya kipindi cha vimbunga. Kimbunga Harold kiliipiga Fiji mwezi Aprili 2020. Kimbunga Winston, kilichoua watu 44, kilikuja Februari 2016, katikati ya kipindi hicho. Hatusemi kwamba kila Aprili ina kimbunga, la hasha. Tunasema kwamba punguzo la Aprili na punguzo la Mei ni bidhaa mbili tofauti, hata zikitangazwa kwa jina moja.

Kumbukeni pia kwamba wageni wengi wa Fiji hutoka Australia na New Zealand. Shule za nchi hizo zinapofunga, bei za Fiji hupanda. Likizo hizo huangukia Julai na Krismasi, na vilevile karibu na Pasaka, na tena kuanzia mwisho wa Septemba hadi majuma ya mwanzo ya Oktoba. Mwenye kutafuta nafuu ya kweli aangalie katikati ya Mei, au nusu ya pili ya Oktoba.

Mahali nako kuna uzito wake. Pepo za kusini-mashariki huleta mvua upande wa Suva, mji mkuu, ambako hunyesha karibu milimita 3,000 kwa mwaka. Nadi, penye uwanja mkuu wa ndege wa kimataifa, iko magharibi mwa kisiwa hichohicho cha Viti Levu, nyuma ya milima, na hupata chini ya milimita 2,000. Anayesafiri karibu na majira ya mvua atafanya vyema kuchagua upande wa magharibi, au visiwa vya Mamanuca na Yasawa vilivyo jirani nao.

Bei iliyotangazwa na bei kamili

Jambo la kwanza la kuuliza ni: dola ya nani? Fiji, Australia, New Zealand na Marekani zote hutumia fedha iitwayo dola, na alama yake ni moja. Dola ya Fiji haifiki nusu ya dola ya Marekani. Asiyeuliza aweza kuona chumba rahisi kuwa ghali au, vibaya zaidi, chumba ghali kuwa rahisi.

La pili, ulizeni kama bei ni ya chumba au ya mtu mmoja anayechangia chumba, na kama kodi imo. La tatu, ulizeni juu ya usafiri wa kufika hotelini. Visiwa vidogo hufikiwa kwa boti au ndege ndogo kutoka Viti Levu, na gharama hiyo mara nyingi haimo katika bei ya chumba. La nne, ulizeni juu ya chakula. Katika kisiwa chenye hoteli moja hakuna duka wala mgahawa wa jirani, na hoteli nyingi za namna hiyo humtaka mgeni alipie milo yote kwa lazima. Chumba chenye punguzo kubwa chaweza kurudishia bei yake mezani.

Kusoma masharti

Tutoe mfano wa kubuni, kwa ajili ya hesabu tu. Hoteli yauza juma moja la Julai kwa dola 1,500. Juma la Novemba lauzwa kwa bei mbili: dola 1,200 ukiruhusiwa kubadili tarehe, na dola 1,050 ikiwa fedha hazirudishwi kwa vyovyote. Anayelipa 1,050 huamini kwamba ameokoa 450. Ukweli ni kwamba 300 zimetokana na msimu, na 150 zilizobaki ni malipo aliyopokea kwa kukubali kuibeba hatari yote peke yake. Kwa safari ya katikati ya Mei, huenda biashara hiyo ina maana. Kwa Novemba au Aprili, tunashauri mlipe hizo 150 na mlale usingizi.

Tafuteni katika masharti maneno yanayohusu majanga ya asili. Je, hoteli ikifungwa kwa kimbunga mtarudishiwa fedha, au mtapewa vocha ya kutumia baadaye? Vocha ya kulala Fiji ina faida gani kwa mtu asiyeweza kumudu nauli ya pili? Na kama hoteli iko wazi ila boti zimesimama, nani hubeba hasara? Hapa kwetu, kimbunga Hidaya kilipokaribia Mafia mwezi Mei 2024, safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zilisitishwa. Huko nako bahari ikichafuka boti hazitoki, hata kama anga la hotelini ni jeupe. Kwa sababu hiyo, usiku wa mwisho kabla ya kurudi nyumbani ulaleni Viti Levu, karibu na Nadi.

Tiketi, viza na bima

Wasafiri wa kwenda Fiji hubadili ndege katika miji kama Sydney, Auckland, Singapore au Hong Kong. Nunueni safari nzima katika tiketi moja. Mkinunua tiketi mbili mbalimbali, na ndege ya kwanza ikachelewa, shirika la pili halilazimiki kuwangoja wala kuwapa nafasi nyingine. Kabla ya kulipa, ulizeni ubalozi wa kila nchi mtakayopitia, si Fiji peke yake, kuhusu viza ya kupita. Anayepitia Marekani, kwa mfano, hukaguliwa na uhamiaji hata kama anabadili ndege tu.

Bima ya safari ina maswali yake matatu. Je, inafidia kuahirishwa kwa safari, au matibabu pekee? Bima nyingi zinazonunuliwa kwa ajili ya viza hulenga matibabu. Je, inataja vimbunga waziwazi? Na mtainunua lini? Kimbunga kikishapewa jina na kutangazwa, bima inayonunuliwa baada ya hapo kwa kawaida haikigusi, kwani ni jambo lililokwisha kujulikana. Nunueni bima siku ileile mnayolipa malipo ya kwanza.

Kulipa na kudai

Hifadhini tangazo, masharti kama yalivyokuwa siku ya malipo, risiti na barua pepe zote. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ahadi ya mdomo kwamba "mkipata shida tutaelewana" iandikwe, au ihesabiwe kuwa haipo. Lipeni kwa njia inayoacha kumbukumbu, na msitume fedha kwa namba binafsi ya mtu anayejiita wakala.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kibiashara unaompotosha mlaji. Kinga hiyo hutumika kwa wepesi zaidi dhidi ya wakala aliye hapa nchini kuliko dhidi ya tovuti iliyo ng'ambo, nalo ni jambo la kupima mnapoona bei mbili zinakaribiana. Malalamiko ya usafiri wa anga yana baraza lake la watumiaji. Nako Fiji kuna Baraza la Walaji lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1976.

Zingatieni muda wa kudai. Kwa safari za kimataifa zinazotawaliwa na Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, mzigo uliokabidhiwa shirika ukiharibika, malalamiko ya maandishi hutolewa ndani ya siku 7 tangu kuupokea. Ukichelewa, ndani ya siku 21 tangu mlipokabidhiwa. Kesi hufunguliwa ndani ya miaka 2. Haki iliyocheleweshwa na mwenyewe haina mtetezi.

Ndugu walaji, hatukuja kuwakatisha tamaa. Mei ya Fiji ni njema, na mwenye kuipata kwa bei ya kiasi amenunua vizuri. Tunachoomba ni kwamba, kabla ya kubonyeza kitufe cha kulipa, kila mmoja aandike katika karatasi majibu ya maswali matatu: nalipa kiasi gani kwa jumla na kwa fedha ipi, safari ikivunjika narudishiwa nini, na nani ataniambia hivyo kwa maandishi. Kama jibu moja halipo, fedha zingoje. Tahadhari kabla ya hatari.