Mgeni, Mwenyeji na Mtandao wa Nyumbani
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wakazi wa Mantapala na vijiji jirani, Wilaya ya Nchelenge)



Tangu makazi ya Mantapala yafunguliwe mwaka 2018 kuwapokea ndugu waliokimbia mapigano nchini Kongo, wenyeji na wakimbizi wamegawana kisima, njia na soko. Sasa wanagawana na mtandao. Mwenye ruta nyumbani au dukani hujiwa na jirani anayetaka kuonana kwa simu na jamaa zake walioko Pweto au Kilwa ya ng'ambo ya Ziwa Mweru, naye humpa nenosiri kwa moyo mweupe. Hatukuja kuukemea ukarimu huo. Twataka udumu.

Mtandao wa nyumba ni mfereji mmoja wenye vinywa vingi. Mgeni mmoja akipakua filamu, mwenye nyumba hukatikiwa na sauti ya mwanawe aliye masomoni Lusaka. Hapo huzaliwa manung'uniko, na manung'uniko kati ya majirani yakiachwa hukomaa kuwa ugomvi. Heri kipimo kinachojulikana kuliko kinyongo kilichofichwa.

Kipimo hicho kimo ndani ya ruta yenyewe. Fungueni ukurasa wa mipangilio kwa anwani iliyoandikwa chini ya kifaa. Mara nyingi ni 192.168.0.1 au 192.168.1.1. Kwanza badilisheni nenosiri la msimamizi lililotoka kiwandani. Kisha washeni mtandao wa wageni, wenye jina na nenosiri lake, uliotengwa na vifaa vya nyumba. Mwisho, wekeni ukomo wa kasi, wa kupakua na wa kupakia pia. Ikiwa nyumba hupata megabiti 10 kwa sekunde, megabiti 2 zamtosha mgeni kuzungumza na kusoma habari.

Lakini ukomo wa kasi si ukomo wa kiasi. Megabiti 2 kwa sekunde, zikitumika saa nzima bila kupumzika, humaliza megabaiti 900. Mwenye kununua kifurushi cha kupimwa aweke pia saa za kufungua na kufunga. Baadhi ya ruta ndogo za mfukoni hazina kipimo cha kasi. Hizo zipunguzieni idadi ya simu zinazoruhusiwa kuunganishwa.

Liko na jambo la sheria. Laini husajiliwa kwa jina la mwenyewe. Vitisho au ulaghai ukipitia humo, uchunguzi huanza kwa mwenye laini. Kuulizwa si kuhukumiwa, lakini anayejua aliowakaribisha hujibu kwa wepesi. Kwa hiyo nenosiri la wageni libadilishwe mara kwa mara, lisibandikwe ukutani.

Nanyi wageni, mkipewa nenosiri msilipitishe kwa mwingine bila idhini. Nanyi wenyeji, kipimo kiwe kimoja kwa wote, aliyezaliwa hapa na aliyevuka mpaka. Tena msiyapekue mazungumzo ya mtu kwa kuwa tu ametumia mtandao wenu.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji hatapona ikiwa nyumba yake imekauka, wala mgeni hatarudi ikiwa amefungiwa mlango. Tuuache mlango wazi, na tuweke kipimo mezani.