Kulisha Ndege wa Uani kwa Usalama



Katika kaya nyingi za Shinyanga na Geita, siku huanza kwa punje chache zinazomwagwa uani. Mtama ukipepetwa, chenga na makapi hubaki chini. Kuku huwahi, bata hufuata, njiwa hushuka kutoka kwenye kibanda chao, na baada ya muda mfupi tetere, shomoro na mnana nao hujiunga na karamu hiyo. Aghalabu hakuna anayewafukuza, kwa kuwa ua wenye ndege huhesabiwa kuwa ua wenye uhai.

Kitendo hicho ni chema, lakini kina masharti yake. Kikifanywa ovyo, kinaweza kumaliza kuku wote wa kaya katika siku chache, na madhara mengine yanaweza kurudi mezani kupitia yai au maini ya kuku. Ndege wa uani hula mabaki ya nafaka ya mwenye nyumba, hunywa maji yaliyo karibu naye, na hupekua udongo ambao watoto wake huuchezea. Kwa sababu hiyo, kuwalisha kwa usalama ni sehemu ya kuilinda afya ya nyumba nzima.

Jambo la kwanza ni punje yenyewe. Imezoeleka kwamba mahindi au karanga zikiota ukungu, zisizofaa kwa ugali hupewa kuku. Mazoea hayo ni ya hatari. Kuvu hao hutengeneza sumu ijulikanayo kama sumukuvu. Sumu hiyo haiishi kwa kupikwa, na haionekani kwa macho hata pale ukungu unapokuwa umefutwa au kuoshwa. Ulimwengu uliitambua kwa mara ya kwanza kupitia ndege wa kufugwa: mwaka 1960, nchini Uingereza, zaidi ya batamzinga 100,000 walikufa, na uchunguzi ukaonyesha kwamba chakula chao kilikuwa na karanga zenye kuvu. Katika Tanzania yenyewe, mwaka 2016, sumukuvu katika mahindi iliugua watu na kusababisha vifo katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Vifaranga vya bata na batamzinga huathirika upesi kuliko kuku, kwa hiyo bata wadogo wakianza kufa bila sababu ya wazi, kihenge kikaguliwe. Kuku mkubwa anaweza kuonekana mzima kwa muda mrefu huku ini lake likiharibika na utagaji ukipungua, na kiasi cha sumu kinaweza kuingia katika maini na mayai yake. Kinga yake huanza shambani na kwenye ghala: mahindi yaanikwe juu ya turubai au kichanja, si juu ya udongo mtupu, yakaushwe hadi unyevu usizidi asilimia 13, yahifadhiwe mahali pakavu palipoinuka. Punje zenye ukungu zifukiwe mbali na ua, wala zisigeuzwe kuwa zawadi kwa ndege.

Sambamba na hilo ni mbegu za dukani. Mbegu iliyotiwa dawa hupakwa rangi kwa makusudi, ili kila aionaye ajue kwamba si chakula. Inayobaki baada ya kupanda haifai kumwagiwa kuku, na kuiosha hakuiondolei sumu. Vilevile, wakati wa kupanda, punje zinazodondoka juu ya ardhi zifunikwe, kwani tetere na kanga huziokota kabla ya mvua ya kwanza.

Jambo la pili ni maji, na hapa ukanda wa dhahabu una mtihani ambao wilaya nyingine hazina. Wakati wa kiangazi, malambo yanapokauka, ndege huvutwa na kila dimbwi linalong'aa. Katika maeneo ya wachimbaji wadogo, baadhi ya madimbwi hayo ni ya mialo ya kuoshea dhahabu, ambako zebaki hutumika. Mengine ni ya mitambo ya kuchenjulia marudio, ambako hutumika sianidi. Sianidi huzuia mwili kutumia hewa ya oksijeni, na ndege anywaye maji yenye sumu hiyo kwa wingi hufa karibu na hapo hapo. Ndiyo maana migodi mikubwa duniani hufunika mabwawa ya namna hiyo kwa nyavu au kwa vizuizi vingine.

Zebaki huua polepole. Mchanganyiko wa zebaki na dhahabu unapochomwa, mvuke wake huenea hewani na kutua juu ya udongo, vyombo na mapaa. Iwapo kazi hiyo inafanyika jikoni au uani, basi kuku wanaopekua hapo, na mtoto anayetambaa hapo, wanashiriki hatari moja. Historia ya Minamata, mji wa pwani nchini Japani, ni onyo tosha. Kiwanda kilimwaga taka zenye zebaki baharini, samaki wakaibeba, na katika miaka ya 1950 kunguru walianza kudondoka na paka wakawa wanashikwa na degedege kabla wakubwa hawajakiri kwamba watu nao wanaugua. Ugonjwa huo ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, uliopitishwa mwaka 2013, ulipewa jina la mji huo, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020.

Kwa mkazi wa Nyarugusu, Kakola au penginepo katika ukanda huu, fundisho ni kwamba ndege wanywe nyumbani. Beseni pana lisilo na kina kirefu, lenye jiwe katikati ili vifaranga na ndege wadogo wasizame, likijazwa maji safi kila asubuhi na kuwekwa kivulini, huwapunguzia sababu ya kwenda mialoni. Uchomaji wa dhahabu usifanyike katika makazi ya watu. Mchanga wa marudio usiletwe uani kujazia mashimo wala kusiribia banda. Na ndege wakionekana wamekufa kando ya dimbwi la uchenjuaji, hilo ni jambo la kumfikishia mtendaji wa kijiji au wa kata siku hiyo hiyo, maana ng'ombe na watoto hupita njia hizo hizo.

Jambo la tatu ni usafi wa chombo na mahali pa kulishia. Ndege wengi wanapokusanyika kwenye chombo kimoja, mate na kinyesi chao huchangamana. Kideri, ambacho wengine hukiita mdondo, huenea kwa njia hiyo, na njiwa na ndege wa porini wanaweza kuwa miongoni mwa wanaokibeba. Ugonjwa huo hauna tiba. Silaha iliyopo ni chanjo. Aina ya I-2, inayozalishwa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, hutolewa kwa tone moja katika jicho moja la kila kuku, mkubwa kwa mdogo, na hurudiwa kila baada ya miezi 3. Chanjo haimponyi kuku aliyekwisha kuugua. Kwa hiyo majirani wa kitongoji kimoja hufaidika zaidi wakichanja siku moja, kabla ugonjwa haujabisha hodi.

Njiwa nao wana maradhi yao ya kale. Kijidudu kiitwacho trikomona huwaotesha utando wa manjano kooni, mpaka wanashindwa kumeza. Kuanzia mwaka 2005 ugonjwa huo uliwaingia ndege wadogo wa bustanini nchini Uingereza, kupitia mahali pa kulishia na kunyweshea, na idadi ya jamii moja ya chiriku wa kijani ikaporomoka sana. Watu waliowalisha walikuwa na nia njema; kilichokosekana kilikuwa usafi. Kwa bahati njema, kijidudu hicho hakivumilii ukavu. Vyombo viwe jozi mbili: jozi moja ikitumika, nyingine ioshwe kwa sabuni na kuanikwa juani mpaka ikauke kabisa. Punje zitolewe kidogo, za kumalizika siku ile ile. Mahali pa kulishia pahamishwe mara kwa mara. Na mabaki yafagiliwe jioni, ili panya nao wasialikwe. Aliyeshika ndege au kusafisha banda anawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chakula.

Methali husema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kuku anayetoka mnadani atengwe majuma 2 kabla ya kuchanganywa na wenyeji, na ale na kunywa kwenye vyombo vyake peke yake. Ndege wakionekana wamejikunyata, wanahema kwa shida au wanakufa kwa wingi, ulishaji wa pamoja usimamishwe mara moja. Mizoga isiguswe kwa mikono mitupu, isiliwe, isipelekwe sokoni. Ifukiwe kwa kina au ichomwe, na afisa mifugo wa kata apewe taarifa.

Yupo ndege mmoja asiyealikwa, naye ni kweleakwelea, adui wa mtama, uwele na mpunga. Makundi yake yanapovamia mashamba, serikali huweza kuyapulizia sumu kwa ndege ya angani kwenye mazalio na malalo yao. Sumu hiyo haichagui: tai, kunguru au mbwa aliyekula kweleakwelea waliopulizwa anaweza kudhurika. Ndege waliokufa baada ya upulizaji wasiokotwe kwa kitoweo wala kulishwa kuku na mbwa, na watoto wazuiwe kwenda huko. Mkulima naye asitege kwa punje zenye dawa uani, kwa kuwa watakaotangulia kuzila ni kuku na njiwa.

Mwisho, mti ndio meza salama kuliko zote. Shinyanga inalijua hilo. Baada ya miti kukatwa kwa miongo mingi ili kuangamiza mbung'o na kupanua mashamba ya pamba, mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, ulianza mwaka 1986 na kuwarudisha wananchi kwenye desturi ya Kisukuma ya ngitili. Majani na miti vilirudi, na ndege wakarudi pamoja navyo. Mkuyu au mkwaju kando ya nyumba, na ua wa minyaa kuizunguka, huwapa ndege matunda, wadudu na mahali pa kulala wakiwa wametawanyika, bila kubanana kwenye chombo kimoja. Hapo hapahitajiki beseni la kuosha wala chombo cha kuanika.

Kila kaya inaweza kuanza leo: punje kavu zisizo na ukungu, maji safi kivulini, vyombo vilivyokauka juani, chanjo kwa wakati wake, na mti mmoja msimu huu wa mvua. Mwenye shaka juu ya punje aionyeshe kwa afisa kilimo wa kata. Mwenye shaka juu ya ndege amwone afisa mifugo kabla ya jioni, maana kideri hakisubiri mkutano wa kijiji.