Likizo, Kazi na Kitambulisho Chako

Hotuba ya Afisa Uhusiano wa Polisi mbele ya wanafunzi wa vyuo na wazazi, Bwera



Ulaya likizo ndefu huitwa likizo ya kiangazi. Sisi tulio karibu na mstari wa Ikweta hatuna majira yao, ila vyuo vyetu vingi hufunga wakati wa jua la Juni na Julai, na kijana hurudi nyumbani Kasese akiwa na begi, deni la ada na njaa ya kazi. Kazi zenyewe mnazijua. Kuna kupakia malori Mpondwe, kukaa katika kibanda cha pesa za simu, kufundisha watoto wa jirani hesabu, kuendesha bodaboda, na kushuka Katwe kwenye mashimo ya chumvi. Hakuna iliyo ya aibu. Tena mwenye Kiswahili safi ana nafasi mpakani, kwa kuwa wafanyabiashara wanaovuka kutoka Kasindi huhitaji mtu wa kuwaandikia hesabu na barua.

Mimi mwenyewe nilipokuwa nasomea diploma nilipakia mizigo ya mfanyabiashara mmoja kwa wiki tatu. Hakunilipa. Sikuwa na karatasi wala shahidi, na nilipokwenda kulalamika niliulizwa, "Mlipatana nini, na mbele ya nani?" Nikanyamaza. Ndiyo sababu nasema: hata kazi ya siku kumi, andikeni mapatano, kiasi na siku ya malipo, na mwenyekiti wa LC 1 aone.

Lakini kudhulumiwa ujira ni jambo dogo mbele ya haya yaliyonileta.

Kijana mmoja wa chuo aliitwa "wakala" na watu aliokutana nao sokoni. Kazi yake ilikuwa kusajili laini tano za simu kwa kitambulisho chake cha taifa, apewe shilingi elfu ishirini. Alifurahi, akanunua viatu. Miezi miwili baadaye laini zile zilikuwa zimetumika kuwaibia watu akiba zao, na jina lililosomeka katika kila moja lilikuwa lake. Alilala mahabusu. Mama yake alikuja kituoni kwa miguu alfajiri, akaniuliza kama mwanawe ni mwizi. Sikuwa na jibu jepesi la kumpa, kwa maana upelelezi huanza na mwenye laini, na wale waliomtuma walikuwa wamekwisha kutoweka.

Binti mwingine aliahidiwa kazi ya hoteli Kampala, kisha safari ya ng'ambo. Akatakiwa kutoa fedha za "uchunguzi wa afya" na kukabidhi kitambulisho. Nyanya yake, ambaye hakusoma hata darasa moja, aliuliza, "Ni kazi gani hiyo inayoanza kwa kumlipisha mfanyakazi?" Wakaja kwetu kabla ya basi kuondoka. Kampuni ya kupeleka watu kazini nje lazima iwe na leseni ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii. Iulizeni wizara, msimuulize dalali. Na Sheria ya mwaka 2009 ya kuzuia biashara ya kusafirisha binadamu inatoa kifungo cha miaka 15, na katika makosa mazito zaidi, kifungo cha maisha.

Hapa Bwera tuna sababu yetu wenyewe ya kuogopa mgeni mwenye ahadi tamu. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 waasi wa ADF waliivamia shule ya sekondari ya Lhubiriha, wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi, na wengine wakachukuliwa. Kundi hilo limewahi kuwanasa vijana kwa ahadi ya kazi na masomo. Basi mtu akikutaka uvuke mto Lubiriha usiku kwa njia ya panya, iwe ni kubeba vitenge tu au "kuonana na tajiri", usivuke. Mzigo usioujua ukikamatwa nao, ni wako.

Jambo moja linatuhusu sisi polisi, nami sitalificha. Wapo wanaouza vyeti vya mwenendo mwema mitaani. Cheti hicho hutolewa na polisi, na ada yake huingia serikalini kwa njia rasmi, haiwekwi mkononi mwa mtu. Awaye yote akiidai mkononi, hata akiwa amevaa sare kama hii yangu, njoo uniambie jina lake. Ukiona hatari, piga 999 au 112.

Nimemaliza yangu. Mwalimu amenidokeza kwamba wapo watatu kati yenu waliopewa fomu za kazi wiki hii na kutakiwa walipe kabla ya Ijumaa. Zileteni hapa mbele, tuzisome pamoja.