Mashine ya Shemeji

Mwezi uliopita nilifungua mashine ya boti kwa mara ya kwanza maishani: Yamaha ya shemeji yangu, iliyowazimikia baharini wakakesha kwenye nanga. Fundi mmoja alikwisha kumpigia hesabu ya pistoni mpya, fedha ya msimu mzima wa uvuvi. Mimi, mtu wa maikrofoni, nikaazima spana. Pistoni nzima! Ringi tu ndizo zilizonata kwa joto. Chini, kwenye pampu ya maji, mapezi ya mpira yameliwa na mchanga, mawili hayapo kabisa. Bolti moja ilinikatikia kwa kutu, sikumficha. Tulipoiwasha ndani ya pipa la maji, sote macho kwenye kile kitundu cha nyuma. Maji yakaruka. Shemeji akasema, "Kesho na wewe unapanda." Nilipanda.