Garimoshi la Kamaru



Jumamosi usiku nilikuwa Membley, hapa Ruiru, kwenye baa moja ya nyama choma. Mbele alikaa mpiga gitaa peke yake, na kando yake kinanda cha kumpigia ngoma. Watu walikuwa wametulia na kachumbari yao. Kisha akagusa nyuzi nene, polepole. Mama mmoja wa makamo akaweka glasi chini, akasimama, akamshika mwenzake mabega. Punde si punde ukumbi mzima ulikuwa mstari mmoja unaozunguka meza. Hiyo ndiyo mugithi, neno la Kikuyu lenye maana ya garimoshi.

Wimbo ulikuwa wa Joseph Kamaru. Nilimuuliza kijana aliyenishika mabega ni wa nani. Akanijibu, "Ni wa huyu jamaa wa gitaa." Jibu hilo limenikaa moyoni hadi leo.

Kamaru alizaliwa mwaka 1939, Kangema, Murang'a. Gitaani aliweka methali, maonyo na uchungu wa watu wake. Mwaka 1969 aliimba Ndari ya Mwarimu, akimkemea mwalimu anayemtongoza mwanafunzi, na walimu wakawaka hasira. Mwaka 1975 mwanasiasa J.M. Kariuki alipouawa, Kamaru alimwombolezea kwa wimbo. Wamarekani weusi wana jina la muziki wa namna hiyo: soul, yaani roho.

Miaka ya tisini, mpiga gitaa Mike Rua na wenzake waliingia kwenye baa na gitaa moja tu. Bendi nzima ni ghali. Mtu mmoja analipika. Lakini mtu mmoja hana waitikiaji. Waitikiaji wake ni wateja, na wateja hawawezi kuitikia wimbo wasioujua. Kwa hiyo wapiga gitaa wale walirudi kwa wazee, na kwa Kamaru hasa. Nyimbo za kusikilizwa kwa makini zikawa za kuchezwa hadi alfajiri.

Na si kwetu tu ambako wimbo humsahau mwenyewe. Mwaka 1969, ule ule wa Ndari ya Mwarimu, huko Cincinnati, Marekani, Clyde Stubblefield alimpigia ngoma mwimbaji wa soul James Brown katika wimbo Funky Drummer. Mapigo yake ya sekunde chache yamenakiliwa katika nyimbo zaidi ya 1,000 za kufokafoka na za dansi. Dunia iliyacheza bila kumjua mpigaji, na mrabaha haukumfikia. Alifariki mwaka 2017.

Kamaru alituaga Oktoba 2018. Mjukuu wake, mwenye jina lile lile na anayejulikana kama KMRU, ni mwanamuziki wa sauti za kielektroniki, naye amekuwa akizitoa upya rekodi za babu yake kwenye intaneti. Huyo ametimiza wajibu wake. Je, sisi?

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Kamaru alicheza kwao maisha yake yote. Basi wewe mpiga gitaa wa Membley, wa Thika, wa Juja: kabla hujagusa uzi wa kwanza, mtaje mwenye wimbo. Wewe mwenye baa, lipa ada ya muziki unaokujazia viti. Na wewe msikilizaji, ukiingia kwenye mstari ule, mwulize aliye mbele yako wimbo ni wa nani. Asipojua, mwambie.