Mapito Yanayostahili Kulaliwa: Ngara, Biharamulo na Aina za Wasafiri

Ngara na Biharamulo ni wilaya mbili za kusini mwa Mkoa wa Kagera ambako barabara kuu itokayo Dar es Salaam kupitia Dodoma, Singida, Nzega na Kahama hugawanyika. Penye makutano ya Nyakanazi, wilayani Biharamulo, tawi moja hushuka Kibondo na Kigoma. Mbele kidogo, Lusahunga, jingine hupanda Biharamulo mjini, Muleba na Bukoba. Njia yenyewe huendelea magharibi hadi Nyakasanza wilayani Ngara, ambako anayekwenda Rwanda hushika ya Rusumo na anayekwenda Burundi hushika ya Kabanga. Kwa hiyo msafiri wa sehemu hizi si mtu wa namna moja. Yupo dereva wa lori na utingo wake, mfanyabiashara wa mpakani, anayekwenda msibani kwa nduguze ng'ambo, mtafiti, mhujaji, mwanafunzi, mpenda wanyama, na yule ambaye kambi za wakimbizi ni sehemu ya maisha yake.

Kuna rai iliyozoeleka katika ofisi za utalii na hata katika baadhi ya vyumba vya mihadhara, kwamba sehemu hizi ni mapito tu. Watu hupita, rai inasema, hawaji. Na mahali ambapo watu hupita hapana cha kuonyesha. Kikundi cha walimu kilichotaka kupangiwa ziara ya Kagera kiliambiwa na wakala mmoja wa Dar es Salaam kwamba Kagera ya watalii huishia Bukoba, na kwamba kule chini ni malori matupu. Mwandishi wa mhadhara huu alikuwa miongoni mwa walimu hao, na jibu lile halijamtoka moyoni. Rai yenyewe inahitaji kuvunjwa taratibu, kwa kuwa imejengwa juu ya makosa mawili, na la pili ni zito kuliko la kwanza.

Kosa la kwanza ni la hesabu. Kwa kanuni za takwimu za Umoja wa Mataifa, mgeni wa kitalii si lazima awe mtu wa kamera na kofia pana. Ni yeyote anayetoka nje ya mazingira yake ya kawaida kwa muda usiofika mwaka, kwa mapumziko, biashara au shughuli nyingine ya binafsi, mradi hakwenda kuajiriwa huko. Akilala angalau usiku mmoja, anaingia katika hesabu ya watalii. Kwa kipimo hicho, mama wa Kahama anayelala Benaco, wilayani Ngara, akisubiri mzigo wake wa maharage ni mtalii sawasawa na Mjerumani anayelala Ngorongoro. Hata ndugu wa Burundi wanaovuka Kabanga kuja harusini Ngara, wakilala, wamo. Anayesema wageni hawafiki Ngara amechagua kutowahesabu wale wanaofika.

Kosa la pili ni la kudhani kwamba njia panda haina thamani yake yenyewe. Hapa chanzo kinachotosha kuimaliza rai yote ni sura ya Usui katika kitabu cha John Hanning Speke kilichochapwa mwaka 1863. Usui ya Speke ndiyo Rusubi, nchi ambayo sehemu yake kubwa leo ni Biharamulo. Speke na mwenzake James Augustus Grant waliondoka pwani Oktoba 1860, na mwaka mmoja baadaye walikuwa wamekwama katika nchi ya mtawala aliyeitwa Suwarora. Sura hiyo husomwa kwa kawaida kama malalamiko. Hongo ilidaiwa kwa waya wa shaba, nguo na shanga. Wakubwa wa chini walitaka chao kabla ya kile cha mtawala. Siku zikapita kwa mazungumzo, na Speke akaondoka bila kumwona Suwarora uso kwa uso. Kwake ilikuwa nchi isiyojua ukarimu, na alipoingia nchi ya Karagwe na kupokewa na watu wa mtawala wake, Rumanika, bila kudaiwa hongo, alipumua.

Lakini sura hiyo ikisomwa kwa jicho la mwenyeji badala ya jicho la mgeni mwenye haraka, inasema jambo jingine kabisa. Ni nani waliokuwamo Usui wakati ule? Wafanyabiashara Waarabu waliokuwa njiani. Mganga mwenye jina, K'yengo. Mjumbe wa Buganda aliyekuwa akisubiri jibu la mtawala, ambaye Speke alikutana naye hapo kabla hajaiona Buganda kwa macho yake. Ndani ya msafara wenyewe kulikuwa na ugomvi wa Baraka na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani hadi India akiwa kijana kisha akarudi Afrika, na ugomvi ule ulipata nafasi ya kupanda juu kwa sababu watu walikuwa wamekaa, hawatembei. Habari za kaskazini, za pwani na za Unyamwezi zilikutana mahali pamoja. Suwarora aliifahamu nchi yake vizuri kuliko wengi wanaoipangia leo: mwenye njia panda asipomsimamisha mpitaji, hapati kitu. Namna yake ya kusimamisha watu ilikuwa ya nguvu, na iliwachosha wenye misafara. Hilo halibatilishi elimu iliyomo. Miaka 160 na zaidi baadaye, magari yanapita bila kusimama isipokuwa kwenye mizani na forodha, na wenyeji hubaki na vumbi.

Anayetaka kuona thamani ya njia panda kwa macho yake ashuke Nyakanazi jioni. Kwenye vibanda vya mama lishe, chakula chenyewe kinaonyesha barabara zinakotoka. Migebuka imepanda kutoka Kigoma kupitia Kibondo, wali ni wa Kahama, dagaa wamevuka kutoka Mwanza, ndizi zimeshuka kutoka Muleba. Mwandishi aliketi pale kwenye benchi moja na dereva wa Kirundi aliyekuwa akieleza, kwa Kiswahili safi cha Bujumbura, tofauti ya kushusha mzigo Kobero, ng'ambo ya Kabanga, na kuushusha Rusumo. Kando yake utingo wa Kinyarwanda alikuwa akimfundisha mhudumu namna ya kupika isombe. Mazungumzo ya namna hiyo hayamo katika kipeperushi chochote cha ziara za kaskazini, na bei yake ni sahani moja ya chakula.

Kwa msafiri wa historia na jiografia, kituo kikuu ni Rusumo. Juu kidogo ya maporomoko, Ruvubu itokayo Burundi huungana na Kagera inayoleta maji ya Nyabarongo kutoka Rwanda. Hapo ndipo swali la chanzo cha Nile lilipogawanya watu wenye akili. Oscar Baumann, Mwaustria aliyepita nchi hizi mwaka 1892, aliifuata Ruvubu na kuamini kuwa ndiyo Nile ya mwanzo. Daktari Richard Kandt alifika kwenye makutano yale mwaka 1898, akailinganisha mito miwili, akaamua kuufuata mkono wa Nyabarongo hadi Rukarara katika msitu wa Nyungwe. Kitabu chake kuhusu safari hiyo kilitoka mwaka 1904. Kabla yake, mwaka 1894, Gustav Adolf von Götzen alivuka Kagera hapo Rusumo akielekea kwa mwami Kigeli wa Nne Rwabugiri. Ni von Götzen huyohuyo aliyekuja kuwa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani wakati wa Vita vya Maji Maji. Maporomoko yenyewe si marefu, na mradi wa umeme wa megawati 80 unaozihudumia Tanzania, Rwanda na Burundi umebadilisha sura ya mahali. Wapo wanaosema kwa sababu hiyo hapana tena cha kutazama. Hoja hiyo ina uzito kwa anayefuata kelele za maji. Kwa anayetaka kuelewa Nile, makutano ya mito miwili bado yapo, na mwandishi anashikilia kwamba hakuna sehemu ya Tanzania inayomwonyesha mwanafunzi wa jiografia mambo mengi kiasi hicho kwa hatua chache kiasi hicho.

Biharamulo mjini inafaa kuunganishwa na safari hiyo. Boma la Wajerumani la mwanzoni mwa karne ya 20, lenye kuta nene na lililokaa mwinukoni, ni mfano mzuri wa jinsi utawala ule ulivyochagua mahali pa kuona na kuonekana. Mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliuteka mji huu yalipokuwa yakishuka kutoka Rwanda na Burundi kuelekea Tabora.

Msafiri wa kumbukumbu ni wa aina nyingine, na anahitaji uangalifu kuliko wote. Baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye Oktoba 1993, Warundi walimiminika Ngara. Kisha, kati ya tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi. Kambi ya Benaco ikawa mji mkubwa kwa ghafla, huku mto chini ya daraja ukiendelea kubeba maiti za waliouawa katika mauaji ya kimbari ya Rwanda. Miongoni mwa waliovuka walikuwamo watoto na wazee wasio na hatia, na walikuwamo pia walioua. Ngara iliwabeba wote hadi Desemba 1996 waliporudishwa Rwanda. Kambi ya Warundi ya Lukole ilidumu zaidi na kufungwa mwaka 2008. Leo Benaco ni mji mdogo wa biashara na maegesho ya malori, na mgeni asiyeelezwa atapita bila kujua amepita wapi. Anayekuja kwa ajili hii atafute mwenyeji mtu mzima aliyeishi miaka ile, aombe ruhusa kabla ya kupiga picha, na kama anaweza avuke hadi kumbukumbu ya Nyarubuye upande wa Rwanda, kwa sababu habari ya daraja haieleweki kwa kutazama ng'ambo moja tu.

Mhujaji naye ana pake huko Ngara. Christopher Mwoleka, askofu Mkatoliki wa Rulenge tangu mwaka 1969 hadi 1996, alilichukua Azimio la Arusha kama jambo la imani, akaenda kuishi na wanakijiji katika kijiji cha ujamaa cha Nyabihanga. Mtu anayejifunza Kanisa la Tanzania au ujamaa wenyewe atapata Rulenge mambo ambayo nyaraka za Dodoma hazina. Murgwanza, upande wa Waanglikana, ina makao ya Dayosisi ya Kagera na hospitali.

Kuhusu wanyama, maneno machache yanatosha, maana hapa tu ndipo vipeperushi vimefika. Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato iliundwa mwaka 2019 kwa kuunganisha mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi, na ina kilomita za mraba 4,707. Ziwa Burigi limo ndani yake, na kuna twiga, viboko, tembo, pofu, korongo na nzohe wa kwenye matete. Wanyama walipungua sana kwa ujangili wa miaka ya wakimbizi, kwa hiyo anayetarajia makundi ya Serengeti aende Serengeti. Burigi inamfaa mwenye subira na anayependa kukaa peke yake na ndege wa majini.

Njia za kufika ni tatu zenye maana. Ya mabasi kupitia Kahama ni ndefu, nayo ndiyo mwandishi anayoipendekeza kwa yeyote mwenye siku za kutosha, kwa sharti la kukatisha tiketi: alale Biharamulo au Ngara, asilale ndani ya basi. Miaka ya nyuma sehemu ya msitu kati ya Lusahunga na Ngara ilihitaji magari kusindikizwa na polisi kwa sababu ya majambazi, na hofu ya wakati ule ndiyo mojawapo ya asili za desturi ya kupita bila kusimama. Ya pili ni ya Mwanza, ambayo imefupika tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa mwaka 2025 na kuondoa kusubiri kivuko. Kutoka Sengerema mtu hupita Geita na Bwanga hadi Biharamulo. Ya tatu ni ya Kigali, inayowafaa Watanzania wa ughaibuni na wageni wa mbali, maana Kigali iko karibu na Rusumo kuliko uwanja wowote mkubwa wa ndege wa Tanzania. Ndani ya wilaya, gari ndogo ziitwazo michomoko na bodaboda hufika karibu kila kijiji.

Mvua hunyesha kwa misimu miwili, Septemba hadi Desemba na Machi hadi Mei. Barabara za hifadhini hupitika vizuri Juni hadi Agosti. Makutano ya Ruvubu na Kagera huonekana kwa nguvu zake mwishoni mwa masika, mito inapokuwa imejaa. Mwenye kuvuka mpaka abebe pasipoti au hati nyingine halali ya kusafiria pamoja na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Viza moja ya watalii inayotumika Kenya, Uganda na Rwanda haimwingizi mgeni Tanzania. Saa hurudi nyuma kwa moja ng'ambo ya daraja, na anayeendesha gari huhama kutoka kushoto kwenda kulia mwa barabara, hivyo anayevuka kwa mara ya kwanza afanye hivyo mchana.