Mwalimu wa Walimu Naye Afundishwe Kazi

(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa masomo wa tawi letu)



Sisi wa karakana tumeombwa tuseme juu ya elimu, nasi tumechagua kusema juu ya mafundisho ya lugha katika vyuo vikuu. Tunajua kwamba wako watakaonung'unika kimoyomoyo na kuuliza, "Watu wa spana na grisi, waliomaliza darasa la nane katika shule ya misheni, wana habari gani na chuo kikuu?" Swali hilo ni la haki, na twataka kulijibu kwanza.

Jibu letu ni hili. Mtoto wako anayesoma Kiswahili katika shule ya sekondari hufundishwa na mwalimu. Mwalimu yule naye alifundishwa chuo kikuu. Tufanye hesabu kidogo, kama tunavyohesabu mizigo. Mwalimu mmoja wa chuo akiwa na wanafunzi 100, na kila mmoja wao akienda kufundisha watoto 100 kwa mwaka, kwa muda wa miaka 30, watoto watakaopata mafundisho yale ni 300,000. Mwalimu yule mmoja akifundisha vizuri, faida yake hufika mpaka nyumba za lendi zetu. Akifundisha vibaya, hasara nayo hufika kwetu. Basi jambo hili latuhusu, hata kama hatujapita kamwe mlango wa chuo chenyewe.

Sasa tutazame kazi ya reli. Zamani za injini za mvuke, mtu hakupewa usukani siku ya kwanza. Alianza kwa kusafisha injini, akapanda akawa mtu wa moto, akakaa miaka kando ya dereva mzee akimwangalia, ndipo akaitwa dereva. Hata leo, dereva mpya husafiri kwanza na mwenzake mwenye ujuzi mpaka aijue njia: wapi pana mlima, wapi pana kona, wapi signali imejificha. Mtu aweza kuwa amesoma vitabu vyote vya injini, lakini vitabu havimwonyeshi mteremko ulivyo usiku wakati wa mvua.

Tena mtazame mwalimu wa shule. Mwalimu wa darasa la kwanza hupitia chuo cha ualimu, hupelekwa kufanya mazoezi ya kufundisha mbele ya watoto huku mkufunzi akimtazama kutoka nyuma ya darasa, na hawezi kufundisha kwa haki ya sheria bila kuandikishwa na Tume ya Huduma za Walimu. Hayo yote ni sawa, kwa kuwa mtoto ni amana.

Lakini mwalimu wa chuo kikuu, yule anayewafundisha walimu wenyewe, kwa kawaida huajiriwa kwa shahada zake na kwa maandiko yake. Ameandika kitabu kizima juu ya sauti za lugha moja. Hilo ni jambo kubwa, nasi twamheshimu. Ila hakuna aliyekaa naye kumwonyesha jinsi ya kusimama mbele ya vijana 300 katika ukumbi mmoja na kuwafanya waelewe. Viko vyuo vinavyowapa walimu wapya semina ya siku chache, na hilo ni jema. Lakini siku chache si uanagenzi. Kuijua lugha ni kazi moja, na kuifundisha ni kazi nyingine.

Labda mtasema haya ni maneno matupu. Basi tutoe mfano wa somo lenyewe, ili kila mtu aone kwa macho yake.

Chuo kikuu kuna somo liitwalo isimu. Ndiyo elimu ya lugha yenyewe: sauti zake, jinsi maneno yanavyojengwa, na jinsi yanavyopangwa katika sentensi. Siku moja mwalimu atafundisha ngeli. Yuko mwalimu anayeingia na karatasi zake za zamani, akasoma, "Ngeli ya kwanza, ngeli ya pili, ngeli ya tatu," na wanafunzi wakaandika mpaka mkono ukafa ganzi. Mwisho wa muhula wanayarudisha yale yale katika mtihani, kisha wanayasahau.

Yuko mwalimu mwingine. Huyu huandika ubaoni maneno ya kazi kama yetu: dereva, karani, fundi, gari, kitabu, reli. Kisha huwauliza wanafunzi, "Wingi wake ni nini?" Watasema madereva, makarani, mafundi, magari. Naye huwauliza tena, "Kama gari hufanya wingi kwa ma, na dereva hufanya wingi kwa ma, mbona twasema magari yamekuja, lakini hatusemi madereva yamekuja? Mbona twasema madereva wamekuja?" Hapo darasa lote huanza kubishana, na katika kubishana wanaigundua sheria wenyewe: lugha yetu hutazama kwanza kama mwenye jina ni kiumbe mwenye uhai, mtu au mnyama, ndipo hutazama umbo la neno. Baada ya hapo ndipo mwalimu huwapa jina la kitaalamu, upatanisho wa kisarufi.

Huendelea na neno kitabu. Neno hili limetoka kwa Waarabu, na kwao ile ki si kiambishi, ni sehemu ya neno. Lakini Waswahili walipoisikia ki wakaipokea kama ki ya kiti na kisu, wakasema vitabu. Hata maneno ya Kiingereza yaliyomwamuru dereva ashike kushoto yakawa jina la mzunguko wa barabara, kipilefti, na wingi wake ni vipilefti. Mwanafunzi aliyefundishwa hivi hujua kwamba sarufi imo katika vinywa vya watu, haikushuka kutoka dari la ukumbi. Tena akienda kufundisha shule ya sekondari, ana kitu cha kuwapa watoto.

Liko na jambo jingine ambalo mwalimu asiyefunzwa kazi hulipita bila kuliona. Wanafunzi wake hawatoki mahali pamoja. Kijana Mkamba au Mkikuyu anazo ngeli katika lugha ya nyumbani kwao, kwa hiyo Kiswahili ni kama jirani yake. Kijana Mjaluo hana ngeli katika Kijaluo. Lugha yake ni ya ukoo mwingine kabisa. Si kwamba huyu ni mjinga na yule ni hodari. Wameanza safari katika stesheni mbalimbali. Mwalimu mwenye ujuzi wa kufundisha huuliza kwanza kila mmoja ametoka stesheni gani, ndipo apange safari.

Sasa mtauliza, walimu wa chuo watapata wapi ujuzi huu? Historia yenyewe yatuonyesha kwamba hupatikana walimu wakikaa pamoja na kupewa wakati wa kufanya kazi. Tutazame Dar es Salaam. Idara ya Kiswahili ya chuo kikuu kile ilianzishwa mwaka 1970, na ikaanza kufundisha isimu kwa Kiswahili chenyewe. Walimu hawakuwa na vitabu vya kutosha, wala istilahi. Wangesemaje mambo ya fonolojia kwa lugha ambayo haijapata kuyasema? Ilibidi wakae, wabishane, waunde maneno, wayajaribu darasani, wayatupe mabaya na kuyashika mazuri. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Isimu na Lugha. Miaka 20 ilikuwa imepita. Hiyo ndiyo kazi ya karakana hasa: chombo kinachokosekana hutengenezwa na mafundi wenyewe.

Kwetu Kenya mambo yalikwenda kwa kasi nyingine. Mwaka 1985 ulipoanza mpango wa elimu wa 8-4-4, Kiswahili kikawa somo la lazima la kutahiniwa katika shule za msingi na za sekondari. Mara moja walimu wengi walihitajiwa. Wanafunzi wa kwanza wa mpango ule waliingia vyuo vikuu mwaka 1990, na kumbi zikajaa. Chuo Kikuu cha Moi kilikuwa kimeanzishwa mwaka 1984, Kenyatta kikawa chuo kikuu kamili mwaka 1985, na Egerton mwaka 1987. Majengo yaliongezwa na wanafunzi wakaongezwa. Lakini mafunzo ya yule anayesimama mbele yao hayakwenda kwa mwendo huo. Ni kama kuongeza mabehewa kila mwaka bila kutazama breki.

Twataka kuwapa na mfano wa ng'ambo, kwa sababu una fundisho kwa chama cha wafanya kazi. Uingereza wana vyuo vikuu vya miaka mamia, na hata huko waliona upungufu huu. Mwaka 1997 tume iliyoongozwa na Bwana Ron Dearing ilishauri kwamba walimu wa vyuo vikuu wafundishwe kazi ya kufundisha. Mwaka 2000 vilianzishwa vituo 24, kila kimoja na masomo yake. Kimoja kilikuwa cha lugha na isimu, na makao yake yalikuwa katika Chuo Kikuu cha Southampton. Walimu wa lugha kutoka vyuo mbalimbali walikutana, wakaonyeshana masomo na njia za kuyafundisha. Ilikuwa kazi nzuri. Lakini mwaka 2011 fedha zilipopunguzwa, mpango ule wa vituo ukakomeshwa.

Ndugu wanachama, fundisho ni hili: jambo jema lililotolewa kama zawadi huondolewa kwa kalamu moja. Lililoandikwa katika mapatano ya kazi huwa na mwenye kulilinda.

Hapo ndipo chama kinapoingia. Wako wanaodhani kwamba mwalimu wa chuo kikuu ni bwana mkubwa, si mfanya kazi mwenzetu. Haya si kweli. Walimu wa vyuo vikuu vya serikali walipotaka kuandikisha chama chao mwaka 1993 walikataliwa, wakagoma, na wakapata mateso mengi. Chama chao hakikuandikishwa mpaka mwaka 2003. Miaka kumi walidai haki ambayo sisi wa reli twaijua thamani yake. Na hata leo wako walimu wa muda wanaolipwa kwa somo moja moja, ambao hukimbia kutoka chuo hiki mpaka chuo kile, na malipo yao hukawia. Mtu wa namna hiyo atapata wapi nafasi ya kutengeneza somo? Kwa hiyo, tunaposema mwalimu afundishwe, hatusemi kwamba yeye ndiye mwenye lawama. Twasema apewe haki ya kujifunza kazi yake, kwa wakati wa kazi na kwa mshahara kamili.

Twaona kwamba mafunzo yafaayo yana sehemu nne. Kwanza, mwalimu mpya akae katika darasa la mwalimu mzee kwa muda, kisha mzee yule akae katika darasa lake, nao wazungumze baadaye. Pili, katika mwaka wa kwanza apunguziwe vipindi ili apate kutengeneza masomo. Tatu, walimu wa somo moja wakutane kila muhula, wayatazame majibu ya wanafunzi pamoja, wajiulize kwa nini wengi wameanguka mahali pamoja. Nne, wawatembelee walimu wa shule waliotoka mikononi mwao, waone mafundisho yao yamezaa nini.

Lakini hapa pana hatari, nasi tuliozoea maforomani hatuwezi kuinyamazia. Kutazamwa darasani kwaweza kugeuzwa upelelezi. Mkubwa akitaka kumfukuza mtu, atasema, "Tulimtazama, hafai." Ikiwa hivyo, kila mwalimu atajificha, ataonyesha somo moja la kupamba, na hakuna atakayejifunza neno. Kwa hiyo iandikwe wazi kwamba yanayoonekana katika mafunzo hayatatumika kumwadhibu mtu. Mwanagenzi hulindwa na fundi wake; hachongewi na fundi wake.

Bwana Mwenyekiti, twaomba mkutano huu ufikiri mambo matatu.

La kwanza: chama chetu kiwaunge mkono walimu wa vyuo vikuu watakapodai mafunzo ya kazi katika mapatano yao, kama tunavyowaunga mkono katika mishahara.

La pili: sisi wazazi wenye watoto chuoni tusiulize karo na malazi peke yake. Tuulize pia, "Anayewafundisha amefundishwa kufundisha?" Swali hilo likiulizwa na watu wengi litapata jibu.

La tatu: tuanze nyumbani. Katika madarasa yetu ya jioni hapa tawini, yeyote anayefundisha wenzake hesabu au kuandika asiachwe peke yake. Mwingine akae naye, amsaidie, kisha wabadilishane. Hatuwezi kudai kwa wengine jambo ambalo hatulifanyi sisi.

Haya ndiyo maneno yetu. Mwenye swali na alitoe, na mwenye kupinga apinge, maana tumekuja kujifunza.

Umoja ni nguvu.